Majina Manne ya Ukurasa wa Tatu

Shule zilipofungwa mwezi wa Aprili mwaka wa 1998, Naqiya hakuwa na safari ndefu ya kwenda ofisini kwa baba yake. Nyumba yao ya Mji wa Kale ilikuwa na orofa. Wao waliishi juu, ofisi ilikuwa chini. Kila asubuhi alikunywa chai, akashuka ngazi, akawaamkia makarani mmoja mmoja. Baba yake, Bwana Saifuddin, alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Naqiya alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini alipiga chapa upesi kuliko makarani wote, na sifa zilikuwa zimeanza kumlevya.

Wakati huo ofisi ilikuwa imenunua kompyuta kuu mpya. Kompyuta kuu ndiyo iliyounganisha nyingine zote, na ndani yake mlikuwa na daftari la majina: nani ni mfanyakazi, ana neno gani la siri, na anaruhusiwa kufungua kazi zipi. Asiyekuwamo daftarini, mashine haimtambui. Fundi aitwaye Mwikali aliletwa kulihamisha daftari hilo kutoka mashine kuukuu hadi mpya. Kwa kuwa mashine hizo mbili hazikusikilizana, ilibidi majina yaandikwe upya, moja baada ya jingine.

"Nipe mimi, Bi Mwikali," Naqiya alimwambia. "Nitayamaliza mara moja."

Mwikali alimpa orodha yenye kurasa tatu. "Andika jina, kisha likague. Ukishalikagua ndipo utie alama ya vema kando yake. Usitangulize alama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Jumamosi adhuhuri Naqiya alikuwa amemaliza kurasa mbili. Mara binamu yake Arsalan akapiga hodi dirishani. "Naqiya, gari linaondoka! Twende Nyali tukaogelee!"

Ukurasa wa tatu ulikuwa na majina manne tu, ya makarani wa mizigo ya ghala la Mbaraki. "Nitayaandika Jumatatu mapema," Naqiya alijiambia. Akatia alama nne za vema harakaharaka, akampelekea Mwikali karatasi.

"Umekagua yote?"

"Yote."

Jumatatu alichelewa kuamka. Alipokuwa akishuka ngazi alisikia makelele ambayo hakuwa amepata kuyasikia katika nyumba ile.

Mzee Chonga, karani mkuu wa Mbaraki, alikuwa amesimama katikati ya ofisi, mishipa ya shingo imemtoka. Nyuma yake walikuwa wenzake watatu, Kingi, Sidi na Ngumbao, wote wamekunja nyuso.

"Miaka kumi na tisa!" alinguruma. "Miaka kumi na tisa nimekutumikia, leo naandika jina langu, mashine inasema hainitambui! Na hawa wenzangu vilevile. Wengine wote wamefunguliwa, ila sisi watu wa Mbaraki. Kama umetufukuza kazi, Bwana Saifuddin, si ungetuita ukatuambia usoni? Hata mashine ndiyo itufukuze?"

"Wallahi sijamfukuza mtu!" Bwana Saifuddin alijibu, naye amewaka. Akamgeukia Mwikali. "Wewe fundi! Umefanya nini na ofisi yangu?"

Mwikali aliipiga meza kwa ile orodha. "Tazama! Majina yote yana alama ya vema. Binti yako aliyakagua mwenyewe. Kama leo hayamo, basi mtu ameyatoa."

"Yaani humu ndani mna mharibifu? Unawatukana watu wangu? Kusanya vyombo vyako uende zako!"

Ajabu ni kwamba Naqiya naye alipandwa na hasira. Alimkasirikia Arsalan kwa kumwita, Mwikali kwa kumtaja, Mzee Chonga kwa kupiga kelele. Alimkasirikia kila mtu isipokuwa nafsi yake.

"Naqiya," baba yake aliuliza, "uliyakagua?"

"Niliyakagua! Mbona kila jambo ni mimi?"

Mzee Chonga alimtazama, kisha akatoa funguo za ghala mfukoni, akaziweka mezani taratibu. "Basi yamekwisha. Kama mtoto aliyakagua, aliyetufuta ni mkubwa." Akatoka.

Naqiya alizitazama zile funguo. Akakimbilia nje.

"Mzee Chonga! Ni mimi! Sikuyaandika. Nilitia alama tu!"

Mzee akageuka. Wenye maduka walikuwa wakitazama, lakini mzee hakujali. "Ulinisikia nikipaza sauti mle ndani, ukadanganya?"

"Ndiyo," Naqiya alijibu, machozi yakimtiririka.

"Usinililie mimi. Kuna mtu anafukuzwa kwa ajili yako. Rudi ukaseme mbele yake."

Alirudi, Mzee Chonga akimfuata, akasema mbele ya wote. Bwana Saifuddin alikaa kitini. Kisha akasimama, akamwomba Mwikali radhi, akamrudishia Mzee Chonga funguo kwa mikono yake.

Mwikali hakucheka. "Mashine kuukuu bado sijaifuta. Mimi sifuti ya kale mpaka mpya isimame. Kaa kitako, uandike."

Naqiya akaandika majina manne. Kila mwenye jina aliketi, akaandika neno lake la siri, akaona kazi zake zikifunguka. Hapo ndipo alama ya vema ilipotiwa. Kufikia saa tano hati za mizigo zilikuwa zimechapwa.

"Nisikilize," Mwikali alisema. "Kuruka majina manne ni kosa la dakika ishirini. Alama zako za uongo ndizo zilizotugombanisha, kwa sababu niliziamini, nikaacha kutafuta pale pale palipokuwa na kosa. Kazi ambayo hukuimaliza, sema hukuimaliza. Hakuna atakayekufa."

Mzee Chonga alikuwa akipanga hati zake mkobani. "Bado nina hasira nawe, binti."

"Najua, mzee. Nisamehe."

"Nitakusamehe, lakini si leo." Akatia mkoba kwapani. "Jina la mtu ndiyo heshima yake. Ukipewa ulishike, lishike kwa mikono miwili."

Akawaita wenzake, wakaondoka kwenda Mbaraki.