Kidole cha Mpimaji

Katika ukoo ule habari hii husimuliwa mchana, kwa sababu ilitokea mchana, saa nane, jua likiwaka na watoto wa watu wakilamba barafu.

Ilikuwa Jumapili. Fundi cherehani mmoja, mwanamke asiyependa makuu, alimpeleka binti wa dada yake kuogelea kando ya ziwa. Binti alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa kupenda maji nyumbani walimwita Kambare. Mama yake alikuwa safarini. Alikuwa amemwachia mdogo wake neno moja tu: nikirudi, nimkute kama nilivyomwacha.

Mahali penyewe zamani palikuwa kiwanda cha ngozi. Kilipofungwa, mnunuzi aliyatazama mashimo manne ya saruji, ambamo ngozi zililowekwa kwenye chokaa, akaona ni hasara kuyafukia. Akayasugua, akayapaka rangi ya samawati, akayajaza maji ya ziwa. Akaweka na miavuli. Shimo la nne, lenye kina kirefu kuliko yote, likawa la kupigia mbizi.

Baba yake Fundi, aliyefanya kazi pale tangu ujana, hakupakanyaga tena. Sababu aliwasimulia wanawe mara moja tu. Ngozi ikishalowa, mpimaji aliingiza mkono majini na kuyasukuma manyoya kwa kidole gumba. Yakigoma, aliipiga ngozi makofi mawili na kusema, "Bado." Yakitoka kirahisi, alisema, "Tayari," na wenye kulabu wakaivuta kwenda kukwanguliwa nyama. Mpimaji wa mwisho aliteleza akatumbukia shimo la nne Ijumaa jioni. Wenzake walidhani kaenda zake kulewa. Jumatatu walipomshika mkono wamtoe, ngozi ya kiganja ilibambuka nzima, kama glavu.

Mambo ya wazee, Fundi alijiambia, akakaa ukingoni. Hata hivyo miguu aliiacha nje ya maji.

Mwenye bwawa alipita akijisifu kwamba maji yake yamechujwa mara tatu, hata chai yangefaa kupikia. Fundi alimjibu aanze yeye kuinywa, wengine watamfuata wakimwona mzima kesho.

Kambare alizama, akaibuka, akapangusa uso.

"Mama mdogo, acha kunishika shingo."

Fundi alikuwa hatua kumi kutoka alipo. Akamwambia atoke, sasa hivi. Binti alicheka, akaomba mara moja tu ya mwisho, na kabla hajajibiwa akazama.

Safari hii hakuibuka upesi. Juu ya maji ulikuja kwanza utando wa mafuta, wa manjano, kama wa mchuzi uliolala. Kisha zikaja nywele. Si nyingi. Kishungi kimoja, na kwenye mizizi yake kitu cheupe kama kamasi.

Fundi aliruka na gauni lake.

Chini maji yalikuwa ya uvuguvugu, mazito. Yalimwingia mdomoni pamoja na manyoya. Aliyahisi yakilala juu ya ulimi, mafupi, magumu, ya ng'ombe. Ladha ilikuwa ya chokaa na nyama iliyovunda. Alimpata mtoto kiunoni, akavuta. Hakuja.

Kuna kitu kilikuwa kimemshika mtoto kisogoni. Fundi akapapasa hapo, akagusa mkono. Ulikuwa laini kupita kiasi, unateleza, hauna kucha. Alipoubonyeza, nyama yake ilididimia kama mkate uliolowa. Mkono haukuwa na hasira. Ulikuwa kazini. Kidole gumba kilisukuma nywele za mtoto taratibu, kishungi baada ya kishungi.

Zilikuwa zinatoka kirahisi.

Fundi alifunga mguu kwenye ngazi ya chuma, akatoa uso juu, akapata pumzi moja. Mkono wake mmoja ulikuwa ungali umemkumbatia mtoto. Kwa ule mwingine akampiga makofi mawili mgongoni, humo humo majini.

"Bado," akanong'ona.

Mkono wa kisogoni ukaachia.

Walitapika wote wawili ukingoni, maji ya manjano, yenye manyoya. Mwenye bwawa alisema ni majani ya ziwani tu. Hakuinama kutazama.

Nywele za Kambare ziliota tena, polepole. Mama yake aliporudi hakukuta kasoro ila kitambaa kichwani, akashukuru mpaka machozi. Lakini wateja wa Fundi walianza kupungua, na hawakusema kwa nini. Mmoja tu, mwalimu aliyeshonewa hapo miaka yote, alimvuta dada mtu pembeni.

"Akitupima mabega, mdogo wako anatuweka kidole gumba kisogoni," alimnong'oneza. "Anasukuma. Halafu anasema, bado."

Fundi aliapa kwamba hajui habari hiyo. Dada yake alimwamini. Aliyekuokolea mwana humwiti mwongo. Ila siku moja alifungua droo ya cherehani kutafuta uzi mweusi. Ndani mlikuwa na vishungi vya nywele, vimepangwa safu, vimefungwa nadhifu kwa uzi. Vingine vilikuwa vya mvi. Kila kimoja kilikuwa na kipande cha ngozi laini mwishoni.

Cha juu kabisa kilikuwa chororo, cha mtoto mchanga. Mwezi ule mtaa mzima haukuwa na mtoto mchanga.

Na kilikuwa kimelowa, kikinuka chokaa.