Uongo Wangu Kuhusu Taa ya Njano

Kila Jumamosi Baba huamka alfajiri, hufuta vioo vya gari letu dogo, halafu hutuita tupakie mchele wa kupeleka Kahama. Jumamosi ile nilimtangulia mimi. Saa tatu kamili shule yetu ya Segese ilikuwa inashindana hisabati na shule za Kahama, na mjibu maswali wa kwanza nilikuwa mimi, Noela. Nilikuwa nimefanya mazoezi mwezi mzima.

Tulipoondoka tu, taa ya njano ikawaka mbele ya usukani. Nilikasirika mno. Taa ile ikiwaka, ujue tairi mojawapo limepungukiwa upepo, na Baba huenda moja kwa moja kwa fundi Sostenes. Kuziba pancha ni dakika kumi. Lakini salamu! Wasukuma tukishasema "mwangaluka", hatuachani mpaka tuulizane habari za watoto, ng'ombe, mpunga na ndugu walioko machimboni.

"Jana Mama alipita na gari kwa fundi Sostenes," nikasema bila kupepesa macho. "Alijaziwa upepo. Fundi akasema taa itazima yenyewe."

Baba hakuniuliza mara mbili. Alipita kwa fundi akampungia mkono tu, nami nikashusha pumzi.

Hatukufika mbali. Gari lilianza kuvuta kushoto, likayumba, Baba akalisimamisha pembeni. Tairi lilikuwa na msumari, na ubavu wake ulishasagika kabisa. Tairi la akiba nalo halikuwa na upepo. Malori ya mgodini yalitupita yakitumwagia vumbi, na saa ilikuwa mbili na nusu.

Baba akampigia Sostenes simu, akamfokea vibaya. Alimwambia kazi yake ni ya ovyo na nusura atuue. Nilitamani ardhi inimeze.

Sostenes alikuja kwa pikipiki, amefunga tairi jingine nyuma. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya chini. Aliitikia, akachuchumaa, akaanza kulegeza nati.

"Baba Noela," akasema taratibu, "Mama Noela sijamwona wiki nzima. Labda alikwenda kwa fundi mwingine."

Baba akanigeukia. Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikamtazama yule mzee aliyetukanwa na bado akaja kutusaidia, nikashindwa kuusema.

"Nilidanganya, Baba. Mama hakwenda kwa fundi yeyote. Niliogopa kuchelewa."

Hakunichapa, na ningeona afadhali angenichapa. Alimwomba Sostenes msamaha, nami nikamwomba. Sostenes alikaza nati ya mwisho, akasema yamekwisha, tuwahi.

Tulifika kwenye mashindano saa nne na robo. Mwalimu wetu Euphrasia alikuwa ameshamweka mwanafunzi mwenzangu Ngusa mahali pangu. Swali moja lilimshinda, na shule yetu ikashindwa kwa swali hilohilo. Jibu lake nilikuwa nalijua. Nilikaa nyuma nikalia kwa kujikasirikia mwenyewe.

Baba akaja kukaa karibu nami.

"Mashindano yatakuja mengine," akasema, "na tairi nitanunua. Lakini leo nimemfokea mtu mzima asiye na kosa, kwa sababu nilikuamini wewe. Mwanangu, sema ukweli hata kama utatuchelewesha. Nataka kesho nikuamini tena."