Kofia ya Jino la Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya kengele, kila mtu darasani alikuwa na la kusema isipokuwa Chiriku. Aliingia, akaweka mkoba, akaketi peke yake kwenye dawati la watu wawili na kufunga mdomo. Jina hilo alipewa na shangazi yake alipokuwa mdogo, kwa kuwa aliongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba. Siku hizi ulimsikia akisema "nipo" tu mwalimu anapoita majina, na hata hilo alilisema huku midomo imebanana.

Kengele ya shule ilining'inia juu ya mlango wa ofisi. Zamani aliyeipiga alikuwa mwenzake wa dawati, msichana ambaye wote walimwita Ngongoti kwa urefu wake. Yeye hakuhitaji kupanda popote. Alinyoosha mkono tu, akaigonga. Sasa kazi hiyo alipewa kiranja mmoja mfupi, ambaye kila kipindi aliburuta kiti, akapanda, akayumba, na watoto wakaangua kicheko. Chiriku hakucheka. Kila kiti kilipoburutwa moyo ulimwuma, maana alijua vizuri nani aliyesababisha yote hayo.

Mambo yalianza kwa chupa ya soda. Wakati wa mapumziko, nyuma ya maktaba, wasichana hao wawili walikuwa na chupa moja na hawakuwa na kifungulio. Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa jawabu, alisema meno yake yangetosha.

"Wewe, acha," Ngongoti alimwambia. "Twende tukaombe kifungulio dukani."

"Mpaka tufike huko kiu itakuwa imeshatuua. Mtazame fundi!"

Akauma kizibo kwa chonge, lile jino lililochongoka, akavuta kwa nguvu. Kizibo hakikutoka. Kilichotoka ni kipande cha jino.

Shangazi yake alikuwa fundi cherehani, na nyumbani kwake kulikuwa na sheria chache: usikanyage kitambaa cha mteja, usiguse mkasi mkubwa, na meno si kifungulio. Hiyo ya mwisho alikuwa ameirudia mpaka Chiriku akaweza kuiigiza kwa sauti yake. Kwa hiyo alipoulizwa kilichompata, hofu ilimshika.

"Nimeanguka ngazini, shangazi."

"Umeanguka au umesukumwa? Ulikuwa na nani?"

"Na Ngongoti."

"Ndiye aliyekusukuma?"

Chiriku alitazama sakafu, akaitikia kwa kichwa. Hakutamka hata neno moja, lakini uongo ulikuwa umeshatoka.

Kesho yake shangazi alitinga shuleni, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akasema mbele ya darasa zima kwamba mtoto wa kaka yake hasemi uongo. Ngongoti alijitetea. Alieleza habari ya chupa, na kwa kueleza huko akaonekana mkorofi na mwongo pia. Mwalimu akamhamishia dawati la nyuma na kumnyang'anya kengele. Tangu siku hiyo Ngongoti hakumsemesha Chiriku, na wala hakuna mwingine aliyekuja kukaa mahali pake.

Upweke ule ulikuwa mzito. Wakati wa mapumziko Chiriku alizunguka uwanja akijifanya ana anakokwenda. Jioni, shangazi akiwa kwenye cherehani, alisimama mbele ya kioo akijifunza kuficha pengo. Aligundua kwamba akilisogeza taya la chini pembeni kidogo, midomo hufunga vizuri na pengo halionekani. Akafanya hivyo kila siku, mpaka taya likazoea. Alitamani kumwonyesha mtu ujanja huo, lakini wa kumwonyesha ndiye huyo huyo ambaye yeye alimsingizia.

Siku ya kwenda kwa daktari wa meno ilipofika, shangazi alifunga duka lake, akaenda naye. Daktari alikuwa mwanamume mnene mwenye vidole vyepesi, na alipenda kueleza kila alichofanya. Alikichonga kile kipande cha jino kilichobaki. Kisha akasema kwamba kofia ya kudumu ya kulifunika jino itatengenezwa kwa siku kadhaa, na kwa sasa angemvisha kofia ya muda. Akafungua kikasha kidogo. Ndani mlikuwa na kitu cha umbo la chonge na rangi ya jino, kilicho wazi ndani, na laini kama unga uliokandwa. Akakipima, akakipunguza ukingo kwa mkasi mdogo.

"Kumbe kazi yetu ni moja!" shangazi alisema kwa furaha. "Unapima, unakata, unajaribisha."

"Tofauti ipo, mama. Wewe nguo ikibana unafumua. Mimi hiki nikishakimulika kwa taa kinakuwa kigumu, na hakifumuki tena." Akakiweka juu ya jino la Chiriku. "Haya binti, uma taratibu, kama unavyouma siku zote."

Chiriku akauma. Taya likaenda lenyewe pembeni, kule lilikozoeshwa mbele ya kioo. Daktari akavaa miwani ya rangi ya chungwa, akamulika kwa taa ya buluu. Akaitoa ile kofia, akaimulika tena nje ya kinywa, akaisugua mpaka ikang'aa, akairudisha.

"Sasa meza mate, halafu uma tena."

Alipomeza, taya likarudi mahali pake pa kweli. Kofia ikagonga jino la chini, tk, na kinywa kikagoma kufunga. Daktari akamtazama, akatikisa kichwa.

"Ala! Binti, umenidanganya."

Chiriku aliruka kitini. "Nani amekuambia?"

Daktari alikuwa akisema habari za meno tu, kwamba mara ya kwanza aliuma kombo. Lakini shangazi hakuwa mtu wa kupitwa na jambo; alisimama, akasogea karibu.

"Amwambie nini?"

Ndipo machozi yalipomtoka. Chiriku alisema yote: chupa, kizibo, fundi wa kujisifu, na Ngongoti aliyemkataza. Alieleza pia taya na kioo, akilia huku kofia ikigonga kila neno.

Shangazi alikaa chini polepole. Hakufoka, na hilo lilimtisha Chiriku kuliko kufokewa.

"Nilimwita mtoto wa watu mwongo," alisema. "Mbele ya wenzake. Na yeye ndiye aliyekuwa akisema kweli."

Daktari akaitoa ile kofia, akaitupa, akafungua kikasha kingine. "Taa hii haijui kweli wala uongo," alisema. "Chochote unachokipa inakigandisha. Haya, tuanze upya. Safari hii uma ulivyo."

Chiriku akauma alivyo, pengo na aibu vyote wazi. Kofia ya pili ilikaa vizuri.

"Usiume vitu vigumu upande huo, na siku ya kofia ya kudumu usikose," daktari alimwonya. "Na chupa?"

"Kifungulio," Chiriku alijibu.

Asubuhi iliyofuata shangazi alikwenda naye shuleni. Alikataa kuzungumza ofisini. "Nilimshtaki darasani, nitamwomba radhi darasani," alimwambia mwalimu. Akasimama mbele ya wanafunzi, akamwita Ngongoti, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea." Kisha akamsukuma Chiriku mbele kidogo.

"Ngongoti hakunisukuma," Chiriku alisema. Safari hii alifumbua mdomo sawasawa. "Nilifungua chupa kwa meno. Alinikataza. Nikasema uongo kwa kuogopa. Nisamehe."

Mwalimu naye alimwomba Ngongoti radhi kwa kutomsikiliza, akamrudishia kengele.

Mlangoni, shangazi alimshika Chiriku bega. "Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Siku ya kwanza uongo wako ulikuwa laini, ungeniambia mimi peke yangu tukaufumua. Umeuacha ukawa mgumu, na mwenzio ndiye aliyeubeba. Ukikosea tena, na utakosea, niambie mapema. Nitafoka, lakini sitakuacha."

Chiriku alirudi kwenye dawati lake na kukaa peke yake, kama kawaida. Kipindi kikaisha. Ngongoti akatoka, na kengele ikalia bila kiti kuburutwa. Aliporejea alipita dawati la nyuma, akachukua mkoba wake, akaja akaketi karibu na Chiriku. Alikaa ukingoni kabisa, nusu yake hewani, akatoa madaftari yake moja moja.

"Hebu nione," alisema mwishowe.

Chiriku akafungua mdomo.

"Limependeza. Lakini siku ukilivunja hili, mimi sikuwepo."

Chiriku akacheka mpaka jino lote likaonekana, na Ngongoti akasogea, akakaa vizuri.