Nati Yenye Uzi Mwekundu

Mzamiaji aliibuka tena kwenye ngazi za gati, akavua visikizi vya mashine, akamwaga kilichokuwa ndani ya wavu wa kiunoni: visoda viwili na msumari wenye kutu.

"Bado, Fundi wangu. Lakini mashine inalia vizuri leo."

Fundi cherehani alishika ncha ya kamba, pindo la gauni lake la manjano likichuruzika maji. Kamba ilikuwa imelazwa chini ya maji. Mzamiaji, mpenzi wake, aliifuata polepole, akipitisha mashine ya kutambua metali karibu kabisa na mchanga, kisha wakaisogeza kidogo. Tangu juzi walikuwa hapo hapo chini ya ngazi, kwa sababu Fundi alimwambia pete yake ya uchumba imeponyoka tu hapo.

Walijuana sokoni, Mzamiaji alipomletea suti ya kuzamia iliyochanika makalioni. "Hii ngozi ya nani?" Fundi alimtania, na kicheko kile kikazaa simu za kila jioni, kisha pete. Wiki iliyopita Fundi alimwona hapa gatini akikumbatiwa na mwanamke mwingine. Baadaye ndipo akaelewa: ni mteja, amerudishiwa hereni yake iliyozama. Pete ilikuwa imeshatoka kidoleni.

Simu ya Fundi iliita. "Mama yako. Atauliza tena kama imepatikana."

"Mwambie mama mkwe wako atulie, tunakaribia."

Fundi hakupokea.

Mzamiaji alifunga uzi mwekundu kwenye nati ndogo. "Uzito wake kama wa pete. Simama ulipokuwa siku ile, idondoshe vile vile, nione inapotua."

Alimtazama bila wasiwasi wowote, kama mteja anayesubiri kupimwa nguo.

Fundi alipanda ngazi zote, uso ukimwaka, akaitupa nati kwa nguvu zake zote. Ikatua mbali, kwenye maji ya kina.

Hakuweza kugeuka.

"Ulinikasirikia kiasi hicho?"

"Nilikuona na yule mteja wako. Hata kukuuliza nikashindwa."

"Halafu ukanishikia kamba mahali pasipo na kitu."

"Naona aibu hata kukutazama, mpenzi."

Mzamiaji alichukua boya. "Basi usinitazame. Tazama pale ilipotua, usipapoteze."

Fundi alinyoosha kidole, akamwelekeza mpaka boya likafungwa pale pale. Mzamiaji aliporudi jua lilikuwa limepungua, na maji yamevurugika.

"Kesho tunaanzia kule," alisema, akimkabidhi ncha ya kamba. "Njoo na kamba nyingine. Hii haifiki."