Meza ya Cheri

Saa nne asubuhi duka la vifaa pale River Road lilikuwa limejaa mafundi wakisukumana kwenye kaunta, huyu anataka misumari, yule bawaba, mwingine gundi. Waringa hakusukumana na mtu. Alisimama kando na koti lake la kazi lililofifia, kitambaa cha maua kichwani, vumbi la mbao kwenye nyusi, akimtazama kijana wa kaunta. Kijana huyo alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi kola ikasimama, na vidole virefu vilivyofunga kila bidhaa kama zawadi.

"Na wewe bibie, umekuja kununua ama kuniangalia?"

"Nilikuwa nangoja hawa wenye haraka waishe. Nipee msasa, ile laini kabisa."

"Nipe. Huo msasa. Ulio laini," akamsahihisha, meno nje. "Kiswahili chako nacho chataka kupigwa msasa."

"Basi kipige wewe. Mimi hupiga mbao."

Mafundi wakaangua kicheko. Kijana akaona haya, akaandika namba yake ya simu nyuma ya karatasi ya msasa. Jina lake Zuhair, mzaliwa wa Mombasa, duka ni la ami yake.

Jioni ile Waringa alimpigia.

"Nambie, fundi wangu."

"Nani amekwambia mimi ni wako?"

"Hukukataa."

Waringa alikuwa amefanya kazi ya msasa na vanishi miaka sita katika karakana ya mzee Gerishon kule Kabiria. Darasa la nane ndilo lilikuwa mwisho wake. Alizoea kungoja: vanishi ikauke, gundi ishike, mteja arudi. Lakini simu ya Zuhair hakuizoea. Ikilia tu, moyo unaruka, na Gerishon anapiga kelele kutoka kwenye randa, "Waringa! Huyo Mswahili wako atakufanya usage kidole!"

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao Zuhair alimletea habari mbaya. Ami yake anafungua duka jipya Mombasa, na mwisho wa mwezi yeye ndiye anayepelekwa kulisimamia.

"Nataka niende nikijua u wangu," alisema. "Nimemwambia mama. Hakukubali, hakukataa. Baba yake alikuwa fundi wa milango, yeye humjua mtu kwa kazi yake. Mtengenezee meza ndogo ya chai."

Mbao alizitoa Zuhair mwenyewe. Zilikuwa za cheri, zimetoka kwenye kabati bovu la mzungu mmoja aliyehama Loresho, nyekundu iliyokolea kama chai ya rangi. Waringa hakuwa amewahi kuunda kitu tangu mwanzo hadi mwisho kwa mkono wake. Gerishon alikuna kichwa.

"Hii mbao ya kigeni siijui. Mimi ni mtu wa saipresi. Lakini benchi ni hiyo, patasi ni hizo."

Waringa alichonga miguu minne, akaitoboa matundu, akachonga ndimi za kuingia humo bila msumari hata mmoja. Randa ilipopita juu ya ubao, ule wekundu ulitoka wote kama ngozi, na chini yake mbao ikawa ya rangi hafifu, ya waridi, yenye harufu tamutamu. Akapiga msasa siku mbili. Akapaka mafuta kwa kitambaa, akifuata nyuzi za mbao. Meza ilikuwa laini kama shavu. Akaipiga picha, akaituma kwa Zuhair.

Kesho yake adhuhuri Waringa akampigia. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za duka.

"Mama ameiona?"

"Ameiona."

"Amesema aje?"

"Amesema bado."

"Bado aje?"

"Bado tu, mpenzi. Nitakupigia, watu wamejaa hapa."

Hakupiga. Waringa alikaa na neno hilo moja siku nzima. Bado. Akaiangalia meza, akaona kweli ni nyeupe mno, kama mbao ya sanduku. Bi Mabruka, mama yake Zuhair, alikuwa ameahidiwa cheri nyekundu. Zimebaki siku nne Zuhair aondoke. Waringa, yule aliyezoea kungoja, akachukua kopo la rangi ya mahogani, akapaka.

Mbao ya cheri haikunywa rangi ile sawasawa. Ilikunywa hapa ikaacha pale, juu pakawa na madoa kama ngozi yenye ukurutu. Alipiga msasa mpaka vidole vikawaka. Rangi ilikuwa imeingia ndani.

Jumapili akaipeleka hivyo hivyo Parklands, nyumbani kwa kina Zuhair, amevaa dera jipya la buluu na viatu vya mdogo wake. Bi Mabruka alimpokea vizuri, akamkalisha, akamtilia chai ya iliki. Kisha akapitisha kiganja juu ya meza, polepole, mara mbili.

"Maungio ni mazuri," alisema. "Lakini mwanangu, kwa nini uliipaka rangi?"

"Nilisikia umesema bado, mama."

"Nilisema bado, aiweke juani mwezi mzima, cheri huiva yenyewe ikawa nyekundu. Na nikasema uje kila Ijumaa tunywe chai, kwa sababu na mimi nahitaji muda. Dini yako si yetu, watu wako siwajui. Nilitaka kukuzoea taratibu. Hukuambiwa?"

Waringa akamtazama Zuhair. Alikuwa amevaa kanzu safi, mzuri kuliko siku zote, anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Neno moja tu lingetosha: mimi ndiye niliyeukata ujumbe. Waringa akalingoja. Kijiko kikazunguka, kikazunguka.

"Sikusikia vizuri, mama," Waringa akasema mwishowe.

"Nilimtuma Zuhair akuite chai ya Ijumaa. Ijumaa ikapita, hukuja." Bi Mabruka hakukasirika, na hilo ndilo lililouma. "Wewe una haraka, mwanangu, na jambo lenyewe ni zito. Tuliache. Meza nitaiweka jikoni, itafaa kwa unga."

Zuhair alimsindikiza hadi chini ya ngazi, magari yakipita nje ya geti.

"Mbona hukuniambia yote?"

"Duka lilijaa watu, wallahi."

"Na huko juu? Huko pia kulijaa watu?"

Zuhair aliangalia geti. Kisha akamshika mkono. "Waringa, habibti, sikiliza. Niambie nisiende Mombasa, sitakwenda. Niambie nipande nikaongee na mama, nitapanda. Sema tu."

Waringa alimwangalia kama alivyozoea kuangalia mbao kabla ya kuikata. Mdomo ulikuwa ukiomba, lakini miguu yote miwili ilielekea getini, na begani alikuwa na wasiwasi wa mtu anayeogopa kukubaliwa. Alitaka kukataliwa. Alitaka yeye Waringa ndiye aseme, ili akifika Mombasa awe na mtu wa kulaumu.

"Nenda," akamwambia. "Nenda salama."

Zuhair akainamisha kichwa kwa huzuni, huzuni ya kweli kabisa. Lakini kabla hajainamisha, alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia. Waringa aliisikia.

Akauachilia ule mkono, akatoka.