Mama wa Chini ya Udongo

Tik, tik, tik. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikicheza jikoni, na alfajiri bado. Mke wa fundi cherehani alikuwa akichemsha maji. Hayakuwa ya chai. Yalikuwa ya nyoka.

Jana, alipokuwa akipalilia nyanya nyuma ya jiko, alimwona: mrefu, wa kijivu, anateleza, kichwa na mkia havijulikani. Na hapo ndipo binti yake anayetambaa hupenda kuchezea udongo. Siku za nyuma aliona mwingine, akammwagia maji ya moto. Miche ya nyanya ikakauka. Lakini bora nyanya kuliko mtoto.

Kulipokucha alibeba sufuria yake. Mumewe alimfuata kwa mbali, kashika ufagio.

"Si ulisema utamuua wewe?"

"Nakulinda kwa nyuma, mke wangu."

Bibi shamba, jirani yao anayeshauri wakulima, alikuwa akipita kwenda kazini. "Mdogo wangu, tua kwanza hayo maji. Yanaua mizizi."

Mke wa fundi akamwonyesha alipozamia nyoka. Bibi shamba akachutama, akachimbua taratibu kwa vidole hadi mgongo wa kijivu ukaonekana.

"Dada, atakuuma."

"Huyu si nyoka. Mtazame, hana magamba. Ngozi mbichi kama ya chura, na mwili una pingili. Ni ndugu yake chura, ila hana miguu. Anakula mchwa na nyungunyungu. Hana neno na mtu."

Donge la udongo likaachia. Kiumbe yule alikuwa amejikunja, na katikati yake vitoto vyeupe, vyembamba kama uzi.

"Vinamtafuna," mke wa fundi akanong'ona.

"Vinanyonya kwa namna yao. Ngozi yake ya juu hunenepa, navyo huibandua kwa vijino vyao. Kisha huota nyingine."

"Naye katulia tu?"

"Katulia."

Ndani ya nyumba mtoto akaanza kulia. Maziwa yakamjia mama yake kifuani, palepale alipoinama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mumewe akashusha ufagio.

Bibi shamba akarudisha udongo kama anayemfunika mtoto shuka. "Mkimwona tena, mfunikeni hivi. Mkiona kingine msichokijua, msikishike. Mtoeni mtoto, mniite."

Kwa yale maji ikapikwa chai, wakanywa watatu.

Nyanya zilipoiva, mke wa fundi alimpelekea jirani bakuli zima.

"Njoo tena, dada," alisema. "Uje utujulie hali, mimi na yule mama mwenzangu."