Mafuta ya Kupozea Visu

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akanywa maji, akaenda bandani nyuma ya nyumba kufagia vumbi la chuma. Mama yake ndiye aliyempa jina hilo la utani, kwa mdomo wake usiojua kupumzika. Mama huyo alikuwa fundi wa visu.

Siku hiyo alimkuta mama ameshika kisu kilichovunjika vipande viwili.

"Tazama, mwanangu. Hiki kimekatika kama kioo, na kile kingine kimepinda kama kijiko. Moto wa mkaa haupimiki, nakisia tu. Ndiyo maana nimechagua hili tanuri la umeme, la kuchomea vyungu. Ni dogo, lakini lina kipimajoto. Sasa yamebaki mafuta safi. Chuma kikishakuwa chekundu, tunakichovya humo ndipo kiwe kigumu. Kimbia kwa shangazi yako, ametuwekea dumu la mafuta ya alizeti. Mwenye bucha anavisubiri visu vyake."

Kwa shangazi kulikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Gereji ya mjomba ilikuwa hapo jirani tu. "Mafuta ni mafuta," Chiriku alijisemea.

Nyuma ya gereji palikuwa na pipa la mafuta yaliyomwagwa kutoka kwenye injini. Alipofunua kifuniko, uvundo ulimpiga usoni. Mafuta yalikuwa meusi, yakivutika kama kamasi, na mende waliokufa walielea juu yake. Chiriku alibana pua akachota.

"Ya nini hayo?" mjomba aliuliza kutoka chini ya gari.

"Ya bawaba za mlango, mjomba!"

Nyumbani aliyamimina upesi kwenye chombo kirefu cha chuma, akakifunika. Mama alikuwa na mafua, tena macho yake yote yalikuwa kwenye kipimajoto.

"Shangazi hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana."

Joto lilipofika, mama alikitoa kisu kwa koleo, akakichovya. Lo! Moshi mweusi ulifumka, ukajaza banda harufu ya nywele zilizoungua na jalala lililolowa. Hata mafua hayakuizuia. Mama alikohoa, akatoka mbio, akatapika ukutani. Chiriku alimfuata. Aligeuka akakiona kisu, bado kwenye koleo la mama: kilikuwa kimepakaa ute mweusi, na mguu wa mende umeganda kwenye makali yake. Naye akatapika.

Mama alisukutua mdomo, akamtazama. "Haya mafuta yametoka wapi?"

Chiriku alitafuta uongo mwingine. Akaona kinyaa, na safari hii si cha mafuta.

"Sikufika kwa shangazi, mama. Nimeyachota gereji. Mjomba naye nimemdanganya."

Mama alichukua nyanya jikoni. Kisha akamnyooshea kile kisu pamoja na nyanya. "Kata, ule."

"Siwezi, mama!"

"Huwezi. Lakini mwenye bucha angekikatia nyama inayoliwa na watu. Na moshi huu wenye sumu tumeuvuta sisi wawili."

Chiriku aliyarudisha mafuta gerejini, akamwomba mjomba radhi. Alikisugua chombo kwa sabuni na maji ya moto hadi kikang'aa, ingawa kucha zake zilibaki nyeusi. Kisha akashika njia ya kwa shangazi, jua lilelile utosini, na hakulalamika.

Kile kisu kilisafishwa, kikarudishwa tanurini pamoja na vingine. Vilipochovywa kwenye mafuta ya alizeti, moshi ulikuwa mwepesi. Mama alijaribu makali kwa tupa, nayo ikateleza bila kuyauma, dalili ya chuma kigumu. Akavirudisha tena kwenye joto dogo ili visivunjike.

"Vimekubali," alisema. Chiriku alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mama akamshika bega. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, umeiona ilipoishia. Nimehangaika sana kuchagua kifaa cha kupimia moto. Cha kupimia ukweli wako sina, wala hakiuzwi popote. Nategemea neno lako tu."